Machungwa ya Stesheni

Juzi muuza duka alinifungulia pakiti ya juisi ya machungwa iliyotoka ng'ambo, na harufu yake ikanirudisha stesheni ya Kindu.

Mama alikuwa amekaa juu ya magunia ya machungwa ya shamba letu la Mikelenge, siku ya nne sasa, akingoja treni iyapeleke Lubumbashi. Nzi walivuma. Maji matamu yalichuruzika mpaka kwenye reli. Siku zote tulikatazwa kugusa hata moja, lakini alasiri ile alifungua gunia mwenyewe.

"Mukule, batoto. Mukule mushibe."

Nilidhani ni sikukuu. Nilikula mpaka midomo ikaniwasha.

Magharibi, baada ya kuswali, mama aliomba treni ije. Mimi, kando yake, niliomba kimyakimya isije kamwe.

Dua iliyokubaliwa ilikuwa yangu.