Landrova ya Kakesio iliyogoma na spea mpya

Ukimuuliza Shaabani, mwenye duka la chumvi na mafuta ya taa karibu na stendi ya Karatu, atakuambia aliyaona kwa macho yake. Mmaasai mmoja wa Kakesio alileta Landrova inayokohoa, na spea mpya kutoka Arusha zikiwa bado kwenye karatasi zake. Fundi akazipokea kwa mikono miwili na kuzifunga mchana kweupe. Kisha gari likagoma kabisa, hata kukohoa likaacha. Fundi akawaambia watu wakanywe chai, akainama peke yake ndani ya bonneti, na waliporudi likawaka.

"Sasa wewe niambie," Shaabani humalizia huku akipima chumvi. "Kama hakuwa ameficha zile mpya akazirudisha, alifanya nini humo?"

Fundi anayesemwa ni Piusi Hhando. Maneno yote anayasikia, maana kati ya duka na gereji yake kuna mabati tu.

Ni asubuhi, ukungu wa kutoka msituni haujapanda. Piusi amesimama kando ya pikapu ya mkulima mmoja, mikono nyuma, hajagusa kitu. Anamwambia mwenyewe awashe, azime, awashe tena. Anasikiliza kichwa kikiwa upande, kama mtu anayesikiliza mlango wa jirani. Baadaye ndipo anapookota spana.

"Gari linajieleza lenyewe," anasema. "Ukianza kufungua kabla halijamaliza kusema, utafungua mpaka jioni."

Kazi hii aliianzia kwenye mashamba ya kahawa ya Oldeani, akiosha matrekta. Huko alijifunza na jambo jingine ambalo hajaliacha: kifaa cha zamani unampa mwenye gari mkononi, na kipya unamwonyesha kikiwa kimekaa mahali pake, kabla hujafunika. Kwa shida ya sasa ya spea, desturi hiyo ndiyo jina lake. Mtu anakwenda Arusha na kurudi mikono mitupu, anakwenda tena, na akizipata platini, vile vidude vidogo vya kuleta cheche, analala nazo chini ya mto. Wapo mafundi wanaozipiga msasa za zamani, wakazirudisha zinang'aa, na zile mpya zikauzwa kwa mwingine. Kila mwenye gari analijua hilo.

Gari lililogoma siku ile ni la Tobiko, mfugaji wa Kakesio, na ndugu zake. Kule ndilo linalobeba mahindi, dawa za ng'ombe na wagonjwa. Siku hiyo alikuja na mama yake, Naserian, mwanamke mzee asiyejua Kiswahili, aliyetaka kuangaliwa macho hospitalini.

Piusi alifunga platini, kondensa na rota, vyote vipya. Akaacha kifuniko cha distributa, kile kikombe kinachozigawia plagi umeme, kikiwa wazi, akawaita waone. Tobiko akatazama, mama yake naye akasogea akachungulia. Piusi akaenda pipani kunawa. Aliporudi akafunika, akamwambia Tobiko apige stata.

Injini ilizunguka kwa nguvu, maana betri ilikuwa nzima. Lakini haikushika.

Petroli ilikuwa inafika. Waya za plagi zilikuwa zimekaa kila mmoja mahali pake. Piusi akachomoa mmoja, akausogeza karibu na chuma huku Tobiko akipiga stata, akingojea cheche iruke. Haikuruka. Watu wa stendi walikuwa wameshaanza kukusanyika, na mmoja akatupa neno kwamba fundi kamaliza hata ile pumzi iliyokuwa imebaki.

Piusi anasema alianza kwa kujishuku mwenyewe. Pengine kuna waya ameukandamiza, pengine kondensa ni mbovu tangu dukani. Akachukua ile ya zamani kutoka mkononi mwa Tobiko, akaifunga kuijaribu. Hapo ndipo Shaabani alipochungulia, akaona mkono wa fundi ukizama ndani ya gari na kifaa kikuukuu. Cheche hakuna. Piusi akairudisha ile mpya.

Watu walikuwa wamemzibia mwanga. Akawaomba wakanywe chai, Tobiko pamoja nao. Akafungua tena, safari hii akaziachanisha platini kwa ukucha. Zile ncha mbili ndogo, zinazopaswa kugusana zikiwa kavu kila injini inapozunguka, zilikuwa na mng'ao usio wa chuma. Akapitisha kidole, akakinusa.

"Kondoo," anasema Piusi, na kwa mara ya kwanza anatabasamu. "Nikajua."

Kwa kina Naserian, kipya kinachoingia nyumbani kinapakwa mafuta ya kondoo, ili kikae kwa heri. Mama huyo alikuwa na kibuyu chake kidogo, akachovya kidole wakati fundi ananawa, akabariki spea za mwanawe. Tobiko aliona, wala hakuona ajabu. Ila umeme haupiti kwenye mafuta.

Piusi alizifuta kwa kitambaa chenye petroli, akapitisha na kipande cha karatasi kavu katikati. Tobiko aliporudi, gari likashika mara moja. Naserian akasema neno kwa Kimaasai, na mwanawe akalitafsiri: mafuta hayana haraka, lakini yanafika. Stendi nzima ikacheka, ikidhani anasema petroli. Piusi akafunga bonneti.

"Ningesema nini? Yeyo, mama wa watu, kanibarikia kazi yangu, mimi nimwambie mbele ya stendi kwamba baraka yake ndiyo iliyozima gari?"

Alimvuta Tobiko pembeni, akampa kile kitambaa. Tobiko akakinusa, akaelewa, akakirudisha.

Maneno ya dukani yakasambaa, na tangu hapo magari ya wafugaji yanampita. Ya Kakesio, ya Arash, yanashuka mpaka Mto wa Mbu kutafuta fundi, na hao ndio waliokuwa wakimweka mjini. Mmoja aliyekuja alishika distributa kwa mkono wake tangu kazi inaanza mpaka inakwisha. Siku nyingi sasa Piusi anafunga gereji mapema, anakwenda kumsaidia mkewe Lusia kupalilia maharage. Sakafu ya saruji aliyopanga kumwaga kabla ya mvua, ili asifanye kazi tena kwenye tope, imebaki maneno.

Baadaye alijaribu kumweleza Shaabani. Jirani huyo alicheka mpaka akashika kaunta. "Piusi, ndugu yangu," akamwambia, "sasa umefika kuwasingizia vikongwe?"

Ndiyo maana amekubali yaandikwe. "Yule mama hakukosa. Aliyeacha kifuniko wazi akaondoka ni mimi. Lakini mimi nikisema, ni fundi anajitetea. Akisema mwenye gari, yamekwisha."

Wiki iliyopita, siku ya mnada, Landrova ilisimama mbele ya gereji ikinguruma vizuri. Tobiko alikuwa amekuja kununua chumvi ya ng'ombe, mama yake ameketi mbele. Piusi alifuta mikono, akamwamkia yule mama kwanza, ndipo akazunguka upande wa mwanawe. Wanaume wa Kakesio na Arash walikuwa wanapita makundi kwa makundi na mifugo yao, wengine wanawapungia.

"Mzee Tobiko," akasema, "sikuombi kingine. Leo watu wenu wote wapo. Waambie ilivyokuwa."

Tobiko alizima injini, akashuka. Kutoka ndani ya gari mama yake akauliza kitu, na hata asiyejua Kimaasai angeelewa: fundi anasema nini?

Tobiko alimtazama mama yake, ambaye kwa Kimaasai angesikia kila neno, akamtazama Piusi. Akaweka kiganja juu ya bonneti, iliyokuwa bado ya moto, wala hakukiondoa.