Namba Iliyoulizwa "Wa Nani?"

Barua pepe za ofisi yetu pale Lushoto zilianza kurudi katikati ya msimu wa pichesi, wakati mbaya kuliko wote. Mimi ndiye niliyeziandika kwa niaba ya chama cha wakulima wa Malindi, hii ya kwetu milimani, si ile ya pwani: matenga yako tayari, leteni gari. Mnunuzi wa hoteli huko Dar es Salaam alizoea kujibu siku hiyohiyo. Sasa ikawa natuma, inarudi. Pichesi haijui kusubiri, na shangazi yangu, mwenyekiti wa chama, alikuwa amekaa kwenye benchi akinitazama mikono.

"Umezituma kweli, mwanangu?"

Jamani, iliniuma. Nikahangaika na waya, nikazima mashine nikawasha, nikapanda kilimani kukagua antena. Vyote vizima. Nikausingizia ukungu, maana huku kwetu kila kikiharibika kitu ni ukungu.

Ndipo nikakumbuka alivyonifundisha mdogo wangu alipotuwekea mtandao ofisini. Dunia ya kompyuta, alisema, ni ya Washambaa watupu kama sisi: haitoshi ujitaje jina, lazima uulizwe, wewe wa nani? Jina lako linataja namba ya mashine yako mtandaoni. Anayepokea barua anageuza, anaiuliza namba nayo itaje jina. Visipopatana, hupokelewi. Tulicheka sana siku ile.

Basi nikaingia kwenye kompyuta, nikaiuliza namba yetu: wewe wa nani? Ikajibu papo hapo. Haikutaja chama. Ilitaja kampuni ya mazao ya Dar es Salaam, jina nisilolijua kabisa.

Nikawapigia simu waliotuuzia mtandao. Mama mmoja akanijibu kwa upole kwamba msimamizi wetu wa mtandao mwenyewe ndiye aliyeomba namba ibadilishwe jina. Aliwaambia chama kimekufa, na kampuni yake ndiyo sasa inayoiuzia hoteli. Msimamizi wetu alikuwa mdogo wangu. Nilimwandikisha mimi, maana ukiwa na ndugu msomi utamtafutaje wa kuja?

Nyoo! Soko huria, eti kila mtu ajitafutie. Ndiyo ajitafutie mgongoni kwangu, mgongo uleule niliombebea akiwa mchanga?

Shangazi alipouliza kuna nini, sikuweza kumficha. Nilimweleza kwa Kishambaa, Kiswahili kilinigomea. Aliinuka akaenda kuwaambia wenzake wawauzie walanguzi kwa bei yoyote watakayopewa, kabla mzigo haujaoza.

Nikampigia mdogo wangu. Alipokea haraka, sauti tamu ileile.

"Shikamoo, dada."

Tangu ajue kusema, hajawahi kunisalimia nisiitikie. Nikanyamaza. Akairudia, polepole, "Shikamoo, dada," na kwa jinsi sauti ilivyomwishia nikajua amejua kwamba nimejua. Marahaba yake ninayo mpaka leo. Sijampa.