Neno Ambalo Profesa Hakulingojea Mashuuru

Nilikwenda Mashuuru kutafuta sifa, si zangu bali za mwalimu wangu. Chuo kilikuwa kinaandaa kitabu cha kumuenzi Profesa Kyalo angali hai, na mimi, mwanafunzi wake wa zamani, nikapewa sura ya kueleza jinsi maandishi yake yalivyoenea duniani. Niliona nimepewa mteremko. Profesa alikuwa ameandika mengi kuhusu magonjwa ya watoto, lakini makala iliyompa jina ni moja tu, ile aliyoiandika mwanzoni mwa miaka ya tisini baada ya kuzunguka maboma ya Wamaasai upande wa Mashuuru. Alisema humo kwamba watoto wanaolelewa kwa maziwa katika maboma yale karibu hawafi kwa kuhara.

Makala ile ilitembea kuliko mwenyewe. Iliingia katika vitabu vya wanafunzi, ikanukuliwa na watu wasioweza kuionyesha Kajiado kwenye ramani, na kila aliyetaka kuandika juu ya maziwa na tumbo la mtoto alianzia hapo. Kwa hiyo nilitaka kuona mahali ilipozaliwa, nipate aya mbili tatu zenye vumbi la kweli.

Safari ilianzia Kitengela, nyumbani kwa Profesa. Alikuwa amestaafu na kujenga nje kidogo ya mji, zama ambazo upande ule ulikuwa nyasi tupu. Nilipofika asubuhi hiyo malori ya mawe yalikuwa yanapishana mbele ya lango lake na upepo unaleta saruji mpaka kwenye chai. Mapafu yalikuwa yamemchoka. Alikaa barazani na blanketi magotini, akisema maneno machache kisha anapumzika, kama mtu apandaye ngazi.

"Zamani nyumbu walikuwa wananichungulia pale kwenye seng'enge," aliniambia. "Siku hizi wananichungulia madalali wa ploti. Nyumbu walikuwa na adabu."

Nikacheka, naye akacheka hadi akakohoa. Akanipa ufunguo wa pikapu yake, maana gari langu dogo lisingefika mbali kwa barabara ile, kisha akanituma.

"Mtafute mama mmoja anaitwa Ngoto Sein. Ndiye alikuwa mkalimani wangu. Mwambie sijamsahau. Na uniulizie watoto wao." Akapumzika. "Hicho kitabu chenu mtanisomea kaburini, Mwende. Lakini habari za Mashuuru nataka kuzisikia na haya masikio."

Baada ya Isinya nchi ilifunguka pande zote mbili, kavu, rangi ya ngozi ya ng'ombe. Mbuzi walikuwa wameshika barabara kana kwamba wameilipia ushuru. Niliendesha nikiimba, nakumbuka. Nilikuwa na furaha ya mtu anayekwenda kuthibitishiwa jambo analolijua tayari.

Kajiado mjini niliingia hoteli moja karibu na reli kunywa chai na kuuliza njia. Mwanamume mmoja wa makamo, mwenye kofia ya kitambaa na maneno mengi, alisikia nikijitambulisha kuwa daktari na kutaja Mashuuru, akahamia meza yangu bila kualikwa. Alisema aliwahi kufanya kazi na mradi fulani wa maji.

"Huko wako na bahati, daktari," akaniambia. "Watoto wa huko hawasumbuliwi na tumbo. Maziwa! Sisi tulikuwa tupeleke visima na kliniki ya watoto, lakini wakubwa wakasema hapana, kuna riserchi, hao watoto wako sawa. Tukapeleka mahali pengine kwenye shida."

"Hiyo riserchi ni ya mwalimu wangu," nikamwambia.

Alinipa mkono mara ya pili, akaulipia mkate wangu. Kwangu hilo lilikuwa jambo kubwa: kazi ya Profesa imefika hata kwenye meza ya chai, kwa mtu ambaye hakuwahi kuisoma. Nilijua nimepata mwanzo wa sura yangu.

Kutoka Kajiado kwenda mashariki barabara ilikuwa ya changarawe, kisha changarawe ikachoka, yakabaki mawe. Nilivuka korongo la mto usio na maji. Pembeni, wanawake walikuwa wamechimba mashimo mchangani wakichota kwa vikopo, na mita chache upande wa juu wa korongo punda na ng'ombe wamesimama katika mchanga huohuo. Nilipunga mkono. Walinipungia. Niliendelea na safari.

Mashuuru niliifikia jua likiwa limeanza kuinama. Ngoto Sein, yaani Mama Sein, hakuwa mgumu kupatikana. Alikuwa mweka hazina wa kanisa na mwenyekiti wa kikundi cha akina mama, kwa hiyo kila duka lilijua nyumba yake ya mabati kando ya boma la wakwe. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye kitenge cha kanisa na shanga za Kimaasai pamoja.

"Takwenya!" nikamsalimu, kwa Kimaa kidogo nilichofundishwa na Profesa.

"Iko!" akaitikia, akafurahi, akanishika mkono asiuachie. Akaniuliza watoto wangu, nikasema hawajambo. Nikamuuliza wake, akasema hawajambo. Ng'ombe hawajambo. Mvua haijambo, alisema, ingawa nyasi zilikuwa zinaonyesha vingine. Nikampa salamu za Profesa.

"Bado ako hai? Engai, Mungu, asante!" Akafunika mdomo kwa kiganja. "Huyo mzee ni mtu mzuri. Alibeba bibi ya shemeji yangu kwa gari yake mpaka hospitali Kajiado. Kaa, yeyo, kaa, mama, unywe chai."

Chai ilikuja, nzito kwa maziwa yenye harufu ya moshi wa kibuyu. Hapo ndipo nilipoitoa makala mkobani, nikamfasiria sentensi ile maarufu, polepole, kwa fahari kama ninayempa zawadi.

"Dunia nzima imesoma hivi," nikamwambia. "Kwamba watoto wa hapa karibu hawafi kwa kuhara."

Aliweka kikombe chini.

"Nani alisema hivyo?"

"Nyinyi. Profesa aliwauliza nyinyi. Wewe ndiye ulikuwa mkalimani."

Hakukasirika, na afadhali angekasirika. Alikuwa anatafuta kitu cha zamani kichwani mwake.

"Mimi niko na watoto wanne," akasema. "Na wengine wawili walienda na hiyo kuhara. Wa pili alienda hiyo mwaka Profesa alikuja. Hiyo nyumba ilikuwa bado inalia."

"Sasa mbona hamkumwambia, Mama Sein?"

"Tungemwambia saa ngapi? Alikuja mlangoni, akasalimia vizuri, akauliza watoto hawajambo. Tukasema hawajambo. Si ndiyo salamu? Mtu hajakaa, hajakunywa chai, utamrushia kifo kwa uso? Unasema kwanza tuko wazima. Akishakaa, unamwambia habari: tuko wazima, ila... Lakini yeye aliandika hawajambo, akasema asante, akaenda boma ingine. Hatukufika kwa ila."

"Hukuona kwamba anaandika?"

"Niliona. Nilidhani anaandika salamu. Nilijua maswali yenyewe yanakuja." Akatazama mlango. "Na hao wameenda, sisi hatuwataji. Ukitaka kujua, lazima ukae mpaka mtu aanze mwenyewe."

Nilishikwa na aibu. Kwani jambo lile lilihitaji Umaasai gani? Kwetu Ukambani ni hivyohivyo, na Kiswahili chenyewe ni hivyohivyo. Muulize habari mtu ambaye nyumba yake inaungua, atakujibu nzuri tu, ila nyumba inaungua. Profesa alizaliwa ndani ya desturi hiyo, akala nayo, akaoa nayo, kisha alipovaa koti la utafiti akaiacha mlangoni. Na sisi wanafunzi wake tukajifunza kuhesabu majibu yake bila hata mmoja kuuliza yalitolewa wakati gani.

Ngoto Sein aliwaita majirani wawili. Walikaa, wakanywa chai, wakazungumza mambo ya kanisa kwa muda mrefu. Kisha mmoja alianza mwenyewe habari za watoto waliokwenda, na alipomaliza mwenzake akaendelea. Hawakutaja majina wala hesabu. Ngoto Sein alikuwa ananitafsiria, na sehemu nyingine alinyamaza tu, nikaelewa.

Walipoondoka aliniuliza, "Kuna watu walikuja kutupimia maji, wakaahidi kliniki. Halafu wakapotea. Ni hiyo karatasi?"

Nilimkumbuka yule mtu wa Kajiado aliyeulipia mkate wangu. Nikasema ndiyo. Uongo ungekuwa rahisi, lakini nilikuwa nimekunywa chai nyumbani mwake.

Kesho yake nilirudi kwa njia ileile, na mto ule mkavu niliuvuka nikiwa nimeshusha kioo. Wanawake walikuwepo. Njia nzima nilikuwa nabishana na nafsi yangu. Mzee anaumwa, nimwambie hawajambo, alale kwa amani? Nani angenihukumu? Lakini kila nilipojaribu kulisema neno hilo kwa sauti, nikiwa peke yangu ndani ya pikapu, nilisikia kwamba ningekuwa namfanyia Profesa kile ambacho yeye aliwafanyia wale mama, kumwacha kwenye salamu, na huyu alikuwa amesema waziwazi anataka habari.

Kitengela niliingia alasiri. Alikuwa palepale barazani.

"Watoto wao hawajambo?" akauliza kabla sijazima gari vizuri.

"Hawajambo, Mwalimu," nikasema. Nikapanda, nikavuta kiti, nikangoja chai ije. "Ila."

Nilimweleza yote. Alisikiliza bila kunikatiza, macho yakiwa kwenye seng'enge. 

"Nilikuwa na maboma mengi ya kumaliza kabla ya giza," akasema. Kisha akalia. Sikuwahi kumwona Profesa Kyalo akilia, na sitamani kumwona mwingine yeyote akilia vile, mtu mzima aliyekosa pumzi ya kulilia.

Siku zilizofuata alinitamkia sahihisho la makala ile, sentensi moja baada ya nyingine, mimi nikiandika. Hakujitetea. Alitaka liwe refu, lakini pumzi ilimwisha. Lilichapishwa akiwa ameshazikwa, nusu ukurasa, nyuma kabisa ya jarida. Kitabu cha kumuenzi nacho kilitoka, bila sura yangu.

Kama safari ile ilinifunza kitu, ni kwamba maji yakishamwagika hayazoleki, hata ukitumia kalamu. Makala ya kwanza bado inanukuliwa. Wanafunzi wananiletea wakiwa wameipigia mstari, wamefurahi kama nilivyofurahi mimi, na ninapowaonyesha ile nusu ukurasa wananitazama kana kwamba nimemtukana marehemu.

Nilirudi Mashuuru mara moja tu, kumfasiria Ngoto Sein lile sahihisho. Aliitikia kwa kichwa kila neno, akamwombea Profesa, akasema alikufa vizuri.

"Sasa wale wote walisoma ile ya kwanza," akauliza, "wamesoma na hii?"

"Hapana," nikamwambia. "Wachache sana."

"Na maji?"

"Hapana."

Alikunja kitenge chake magotini, akanyoosha pindo.

"Basi hao bado wako kwa salamu," akasema.