Cloud "haina moshi" ilivyoharibu kakao ya Mama

Wakuu, salamu zenu. Naanza na upumbavu wangu mwenyewe, musipoteze nguvu kuutafuta.

Siku kampuni ya Mama ilihamia cloud, data yote kwa kompyuta za mbali, nilichukua serveur ya zamani, ile kompyuta kubwa ya bureau, nikatoa bintu byote bya ndani, nikaifanya nyumba ya cobayes, zile simbilisi zetu za jikoni. Hakuna mutu alinituma. Niko humanités tu, masomo ya sekondari, mais nilijiona informaticien.

Haya yote niliyaona ama niliyasikia mwenyewe. Na mpaka leo niko na hasira.

Mama anauza kakao bio, ya bila dawa za kemikali. Depo iko Beni, commune ya Beu. Bureau iko kwetu Mususa, Butembo. Kila gunia lazima lijulikane limetoka shamba gani, bila ivyo hapana bio.

Zamani yaya Paluku, ule kaka karani wa depo ya Beu, aliingiza kila kitu kwa laptop, shofere anatuletea clé USB. Groupe, ile generator, aliiwasha kidogo tu ya kuchaji.

Akaja papa mumoja wa Goma, bwana wa kuuza cloud, viatu pwaa, parfum mpaka kwa jirani.

"Mama Masika, serveur inakula mazutu ya groupe, inachafua hewa. Cloud iko propre, safi, haina moshi. Banunuzi ba Ulaya bataipenda!"

Mimi njo nilipiga makofi wa kwanza.

Kumbe programme yake haifunguki bila connexion ya internet. Connexion hakuna bila antenne. Antenne hakuna bila courant, umeme. Na courant ya Beu, muniambie nyinyi.

Donc groupe ikawa inawaka toka depo inafunguliwa mpaka inafungwa. Eti tunalinda mazingira!

Na utaiweka wapi? Inje banaiba. Yaya Paluku akaiweka ndani, pembeni ya magunia. Akanipigia anakohoa: "Mudogo, ambia Mama, moshi inatumaliza huku."

Nikamujibu: "Vumilia yaya, njo maendeleo."

Wakuu, kakao inavuta harufu kuliko mashangazi wanavyovuta habari.

Lori ikafika Butembo. Mununuzi akapasua punje, akanusa, akacheka.

"Mama Masika, hii uliikausha ama uliichomea nayo mbuzi?"

Akakataa lori nzima. Kakao ya batu benye banaingia shambani na woga ya benye bunduki, hawajue kama batarudi, na ikakataliwa sababu ya moshi ya "cloud propre"! Bakulima bakituhama, Mama hana kampuni tena.

Mama akasema turudie serveur. Bote bakaniangalia mimi.

Tukamuomba papa: turudishie data yetu basi. Akajibu, kwanza musaini mwaka mwingine. Mwizi wa tai!

Sasa munisikie. Mbele ya kuhama, uliza courant itatoka wapi, moshi itabaki kwa nani, na siku unataka kutoka mulango uko wapi. Hewa safi ya kwenye kompyuta za mbali haimusaidie yaya Paluku. Na usivunje ya zamani mbele ya kujaribu ya mupya.

Benye bamepitia hii, mwageni hapa chini. Matusi pia napokea, nyumbani nimeisha kuzoea.

Jana papa alipiga tena simu juu ya ile saini. Mama akaweka haut-parleur, akamwambia hivi, sijaongeza kitu:

"Papa, kuja Beu. Shinda siku nzima pembeni ya magunia yangu, groupe inawaka. Jioni ukinisalimia bila kukohoa, nitasaini."