Joto la Paa, Saa Mbili hadi Saa Tisa

Ofisini walimwita Bi Joto, naye alilipenda jina hilo kuliko lile la kwenye cheti. Kazi yake ilikuwa kuyajenga majengo ndani ya kompyuta kabla mafundi hawajachimba msingi, kisha kuyaanika juani aone yatawapika watu kiasi gani.

Asubuhi hiyo aliyepikwa ni yeye. Michoro ya shule mpya ya madarasa manane ilisubiri saini ya mhandisi mkuu saa nne, na jumla aliyoipiga Bi Joto ilisema joto linaloingia kupitia bati kwa siku nzima ni karibu sifuri.

"Sifuri!" Mhandisi mkuu alicheka hadi miwani ikamshuka puani. "Bi Joto, bati lako limekuwa friji? Basi dari ya kukinga joto tunaifuta. Watoto watasoma raha mustarehe."

"Mkuu, nipe nusu saa."

"Nusu saa. Ikizidi dakika moja, nimeshafuta."

Alirudi mezani. Dari ikifutwa, mdogo wake, mwalimu wa darasa la kwanza, aliyekuwa ahamie shule hiyo mpya, angetoka bati tupu moja kwenda jingine. Akampigia simu.

"Dada, watoto sitini wananikodolea macho, sema upesi."

"Joto hapo darasani linaanza saa ngapi?"

"Swali gani hilo, na digrii yote hiyo! Kuanzia saa nne tunafukuta, hadi tunapofunga saa tisa tumeiva. Usiku sijui, mimi silali huku."

Bi Joto akajipiga paji la uso. Kila dakika kumi kompyuta ilitoa kasi ya joto linalopita kwenye bati. Yeye alizidisha kila namba kwa muda wake, akajumlisha saa zote ishirini na nne. Mchana joto liliingia, namba zikawa chanya. Usiku lilitoka, zikawa hasi, zikala zile za mchana zote. Hesabu ilikuwa safi kabisa, ila ilikuwa imewalaza watoto shuleni!

Akajumlisha upya, saa mbili hadi saa tisa tu, akakimbilia kwa mkuu.

"Ni sawa na kuacha pasi tatu za umeme zikiwaka kila darasa, kengele ya kwanza hadi ya mwisho."

"Na ule ubaridi wa usiku?"

"Huo wanafaidi popo, Mkuu."

Mkuu akaguna, akacheka, akatia saini kwenye mchoro wenye dari.

"Madarasa yote manane?"

"Kwani kuna darasa la watoto wasio na vichwa vya kupikwa? Hebu toka, kabla sijaghairi."