Daktari wa mzio alivyonichanja chale wiki mbili kabla ya ndoa yangu

Wakuu, salaam. Babu yenu wa Kamina nawaletea kisa. Sina nguvu za kutunga uongo; hata ukweli wenyewe nauandika kwa kidole kimoja.

Miaka ya hamsini nilikuwa karani kijana, nimemaliza sekondari, mtu wa ndani kabisa. Nikitoka kazini, safari yangu ndefu ilikuwa kitandani hadi barazani. Nikivuka hapo ni kwenda kwa mchumba wangu, Ngoie.

Shida: nikifika kwao tu, chafya! Macho mekundu, uso umevimba kama nimekula nyuki.

Nikaenda hospitali kwa daktari wa mzio. Mzungu mpole, aliniuliza mpaka habari za mto ninaolalia. Kisha akanichanja mkononi mistari miwili ya mikato midogo, kila mkato tone lake: vumbi, samaki, manyoya ya kuku... Akatazama saa. Mkato wa manyoya ukavimba kama kifungo cha koti.

Sasa fikirini, wakuu. Mikato kwa mstari, dawa ndani. Kwetu nani hufanya hivyo?

Mama mkwe alipouona mkono, bukari, ugali wetu, haikumshuka.

"Weye mukristu, uko na chale? Ulienda kwa nganga kutafuta nini?"

"Mama, hii njo vipimo vya dokta."

"Dokta anachanja chale? Unaona miye ni mutoto?"

Ngoie akacheka: "Hata kudanganya haujue!"

Padri akaambiwa. Akasimamisha ndoa.

Nikamsihi aende akamuulize daktari mwenyewe. Akaenda amekunja uso. Kumbe naye kila kiangazi, vumbi likianza, mafua hayamwachi. Maongezi yakanoga, daktari akamwambia akunje mkono wa kanzu.

Jumapili, padri akainua kikombe. Mikono ya kanzu ikateremka. Kanisa zima likaona mistari miwili.

Nyuma yangu: "Eee! Hata padri anaendaka kule!"

Siku hiyo maelezo ya mkono yalikuwa marefu kuliko mahubiri. Alipomaliza, akatangaza ndoa yetu.

Nyumbani Mama mkwe akawatoa kuku waliokuwa wakilala ndani, huku ananung'unika: "Nganga ya Bazungu ni ya ajabu. Ya kwetu anaomba kuku, ya kwao anamufukuza."

Somo nililopata: ukitoka kwa daktari, eleza kwanza, kunja mkono wa shati baadaye.

Haya, nani mwingine aliumbuliwa na matibabu mbele ya wakwe? Mwageni hapa chini, nami niwacheke wenzangu.