Wembe Mmoja wa Matanga

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nyuma ya nyumba ya marehemu baba yangu mdogo, mtaa wetu, kartie Lumumba, hapa Bunia. Matanga yalikuwa yanaisha, na desturi ya ukoo wetu ilitaka wanaume wote wanyolewe kwa wembe mmoja, maana waliolia pamoja hawagawanyiki. Mnyoaji alikuwa shangazi. Mikono yake ilikuwa myepesi. Macho yake, nisimseme vibaya mzee wangu, yalikuwa yamechoka.

Binamu yangu Lokana alinitangulia. Shangazi akamkata nyuma ya sikio, damu ikatoka, akafuta wembe kwa pindo la kitenge, akaniita. Wazee husema ajali haina kinga. Yangu ilikuwa nayo, mfukoni: nyembe mpya nilizonunua asubuhi ile. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na diplome ya biolojia, usicheke.

"Shangazi," nikanong'ona, "tubadilishe wembe."

"Ee! Weye unaogopa damu ya ndugu yako? Muangalie muzungu wetu!"

Watu wakacheka. Biolojia yote ikainamisha kichwa, nami nikanyolewa, nikakatwa pia, damu ikatoka.

Jioni Lokana alinivuta pembeni. "Kaka, walinipima ku hopitali. Niko na hepatite B, ile ugonjwa ya ini, mu damu. Niliogopa kusema, mungenitengea sahani yangu peke yangu."

Mke wangu Furaha alikuwa na mimba ya miezi saba. Nilijua virusi vile hupita kwa damu, hupita kitandani, na mama humpa mtoto wakati wa kuzaa. Nilijua vinaweza kukaa ndani ya ini miaka mingi bila kubisha hodi. Hofu ya asiyesoma ina mwisho. Ya aliyesoma ina kurasa.

Kesho yake mapema nilimpeleka Furaha kituo cha afya. Muganga mzee alinisikiliza, akakitazama kipara changu.

"Diplome iko, wembe iko mu mfuko, kinywa ndiyo ilikosa? Ile kichwa yako ni ya kunyolewa tu?"

Alitupima, akatudunga chanjo ya kwanza. Tulionekana safi, lakini akanionya kwamba damu yangu ingeweza kuficha jambo kwa majuma mengi. Basi nikalala kwenye mkeka, mbali na Furaha, na kila asubuhi nikachungulia macho yangu kwenye kioo, kama ini limeyatia manjano. Hata jua la asubuhi lilinitisha kwa umanjano wake. Mtoto akazaliwa, akachanjwa siku ileile. Kipimo cha mwisho kikanikuta mzima.

Lokana aliitwa hospitali mara tatu achunguzwe ini, aanzishiwe vidonge. Aliona haya kuonekana pale, hakwenda. Tumbo likavimba, tukamzika kabla hajaota mvi. Na kinachoniogopesha mpaka leo ni kwamba alisema kweli: ile sahani, tungemtengea.

Mficha maradhi, kilio humfichua. Lakini wanaomcheka humsaidia kuficha. Mwanangu, kwenye matanga na kwa kinyozi, kila kichwa na wembe wake. Pima damu, maliza chanjo zote. Mjamzito apimwe, mtoto achanjwe siku anayozaliwa. Na aliye na hepatite hiyo, kula naye fufu bakuli moja, haipiti huko. Ukiona hatari, sema, hata wakikucheka.

Mungu akupe ulimi usiochelewa, akulindie nyumba yako, akufikishe kwenye uzee wa macho meupe.